Msomaji Anatafuta "Majimaji", Maktaba Inamjibu "Hakuna"

Fungua maktaba mtandao unayoisimamia, uandike majimaji kwenye kisanduku cha kutafutia. Angalia idadi ya majibu. Sasa andika maji maji, kwa maneno mawili. Kisha maji-maji, kwa kistari. Vita ni vilevile vya 1905 hadi 1907, na vitabu, tasnifu na makala zilizomo kwenye seva ni zilezile, lakini usishangae ukipata majibu ya aina tatu. Msomaji wako hatajaribu mara tatu. Atajaribu mara moja, ataona "Hakuna kilichopatikana", atafunga ukurasa akiamini kwamba huna kitu.

Mwongozo huu ni wako wewe mkutubi, au wewe fundi wa kompyuta uliyeachiwa maktaba mtandao ya chuo, ya taasisi au ya jumuiya, inayoendeshwa kwa DSpace, Koha, Greenstone au mfumo mwingine wa namna hiyo. Hauhusu kuongeza vitabu. Maktaba nyingi za Kiswahili mtandaoni zina vitu vingi kuliko zinavyoonekana kuwa navyo. Utafutaji mbovu umevificha. Ubovu huo una chanzo kinachojulikana: programu nyingi za kutafuta zilitengenezwa na watu waliokuwa wakiwaza lugha ambazo neno hubadilika mwishoni. Kiswahili hubadilika sana mwanzoni. Kitabu huwa vitabu, mwalimu huwa walimu, ukuta huwa kuta, na mashine iliyozoea kukata miisho ya maneno haitambui kwamba ni neno lilelile. Dawa yake si kununua mfumo mpya. Ni majedwali machache yanayoandikwa kwa mkono na mtu anayekijua Kiswahili, yakawekwa mahali mashine inapoyasoma.

Anza na walioambulia patupu

Kabla hujagusa mpangilio wowote, tafuta orodha ya maneno yaliyotafutwa yakakosa jibu. DSpace inaweza kutunza takwimu za maneno yanayotafutwa. Matomo, programu huria ya kupima matumizi ya tovuti, ina ripoti maalumu ya maneno yaliyotafutwa bila matokeo. Kama huna hata moja kati ya hizo, mwombe anayesimamia seva akutolee kumbukumbu za mwezi mmoja, kwani mara nyingi maneno aliyoandika msomaji hubaki ndani ya anwani ya ukurasa aliofunguliwa. Ondoa kwanza namba za IP na chochote kinachoweza kumtambulisha mtu. Anachotafuta msomaji maktabani ni siri yake.

Kisha isome orodha hiyo kwa macho, mstari kwa mstari. Usikimbilie kutengeneza grafu. Grafu itakuambia ni watu wangapi walikosa, haitakuambia kwa nini. Ukiisoma utaanza kuona makundi. Kuna vitu ambavyo kweli huna, na hivyo umpe anayehusika na ukusanyaji. Kuna tahajia. Kuna umoja na wingi. Kuna majina ya watu. Halafu kuna wale walioandika sentensi nzima, kama vile "naomba uchambuzi wa kitabu cha utengano". Hao usiwacheke. Wanazungumza na kisanduku kama ambavyo wangezungumza na mkutubi nyuma ya kaunta, na haki ni yao. Mfumo unaodai kwamba kila neno katika sentensi hiyo, pamoja na "naomba", lipatikane kwenye rekodi ndio wenye kasoro.

Kwa hao wa mwisho tiba ni ya mara moja. Mwambie fundi alegeze sharti la maneno yote kupatikana: msomaji akiandika maneno mawili, yote mawili yatakiwe, akiandika matano, matatu yatoshe. Mifumo inayotumia injini za kutafutia kama Solr au Elasticsearch ina mpangilio wa hilo tayari. Wengine watakushauri uandike orodha ya maneno ya kupuuzwa: ya, wa, za, la, cha, kwa, na, ni, katika. Haina madhara makubwa, lakini ukishalegeza sharti, manufaa yake ni madogo, kwa kuwa mfumo wenyewe hulipa uzito mdogo neno linalopatikana kila mahali.

Tahajia: usirekebishe kitabu, mwongoze msomaji

Kiswahili kiliandikwa kwa namna nyingi kabla ya Kamati ya Lugha iliyoundwa 1930 kuanza kazi ya kusanifisha, na hata baada ya hapo watu hawakuacha. Chukua kitabu mashuhuri alichokichapisha Carl Velten mwaka 1903, kinachotegemea sana maandishi ya Mtoro bin Mwinyi Bakari. Jina lake ni Desturi za Wasuaheli, na ndani ya jina hilo refu limo neno khabari. Mwanafunzi wa leo ataandika waswahili na habari. Kwa mashine, Wasuaheli na Waswahili ni makabila mawili yasiyojuana.

Kishawishi cha kwanza ni kurekebisha jina la kitabu kwenye rekodi. Usifanye hivyo kabisa. Jina lililochapishwa ni ushahidi wa historia, na mtafiti anayelijua jinsi lilivyo atalikosa. Liache lilivyo, kisha ongeza jina la pili kwenye sehemu ya jina mbadala, ambayo ipo katika Dublin Core na katika MARC pia, kwenye uga wa 246. Msomaji haoni usumbufu wowote. Mashine inapata njia mbili za kufika kwenye kitu kimoja. Hivyohivyo kwa tafsiri ya Julius Nyerere ya tamthilia ya Shakespeare: ilitoka 1963 ikiitwa Julius Caezar, ikatoka tena 1969 ikiitwa Juliasi Kaizari. Rekodi ya kila toleo ibebe jina la mwenzake, na iwe na kiungo cha kulifikia. Vita vya Majimaji navyo vitibu kwa njia hiyo: chagua tahajia moja iwe kichwa cha mada, nyingine zikae kwenye uga uliofichwa unaosomwa na mashine tu. Kwa majina ya maneno mawili njia hii ni ya uhakika kuliko jedwali la visawe, kwa sababu mifumo mingi, hasa ya zamani, hujikwaa pale neno moja linapolingana na mawili.

Kwa maneno ya kawaida, jedwali la visawe ndilo lenye nguvu. Kwenye DSpace, ndani ya folda ya mipangilio ya Solr, kuna faili dogo linaloitwa synonyms.txt. Kila mstari ni kundi la maneno yaliyotenganishwa kwa mkato, na ukilifungua kwa mara ya kwanza utakuta mifano tu ya Kiingereza. Mistari yako ya mwanzo inaweza kuwa hivi:

waswahili, wasuaheli
habari, khabari
utenzi, utendi, tenzi, tendi
kurani, korani, kuruani, quran
zanzibar, unguja
mombasa, mvita

Huo mstari wa Zanzibar na Unguja utazame mara mbili kabla hujauweka. Pemba nayo ni Zanzibar, na mtu anayetafuta historia ya Unguja peke yake atajazwa matokeo ya visiwa vyote. Mimi ningeuondoa katika maktaba yenye vitu vingi vya Zanzibar, na kuuacha katika maktaba yenye vichache. Jedwali la visawe ni uamuzi wa mkutubi kila mstari. Usimwachie fundi alipakue kutoka mahali fulani.

Kuna alama moja inayosumbua kuliko ukubwa wake: ile ritifaa ya ng'. Msomaji kwenye simu ataandika ng'ombe kwa alama iliyonyooka. Aliyeingiza rekodi kwa kunakili kutoka programu ya kuandikia barua ameingiza alama iliyopinda. Mwingine alitumia ile alama ya kushoto kabisa ya kibodi. Baadhi ya mifumo hulikata neno hapo na kubaki na "ng" na "ombe". Mingine hulihifadhi zima lakini huona maneno matatu tofauti. Mwambie fundi aweke kanuni ya kubadilisha alama zote za aina hiyo kuwa moja kabla neno halijaingizwa kwenye faharasa na kabla swali la msomaji halijatafutwa. Ni kazi ya mistari michache, na baada yake ng'ombe, ng'ambo na ng'oa vitapatikana. Ongeza na tahajia ya mvivu, ngombe bila alama, kwa sababu watu wengi wataiandika hivyo.

Tahadhari na ule ukarimu wa mashine wa kusahihisha yenyewe. Mifumo mingi inaweza kulegeza herufi moja au mbili ili neno lililokosewa lipate jibu. Kwa Kiswahili herufi moja ni umbali mkubwa: kalamu na karamu, paka na pata, jua na jaa. Wapo wasomaji wengi, kulingana na lugha zao za kwanza, wanaobadilishana l na r, au dh na z, au wanaodondosha h. Wasaidie kwa kuwauliza, "Je, ulimaanisha karamu?", na uache waamue. Usiwabadilishie kimyakimya. Na hakikisha mapendekezo hayo yanatoka kwenye maneno ya mkusanyo wako, si kwenye kamusi ya Kiingereza. Hakuna kinachoudhi kama kuandika mashairi ukaulizwa kama ulimaanisha neno la Kiingereza.

Kitabu ukikikata ki-, kinabaki tabu

Hapa ndipo penye kiini cha shida. Mpangilio wa kawaida wa Solr ndani ya DSpace hutumia kanuni za Kiingereza za kupunguza neno hadi shina lake. Kanuni hizo hukata s, ing, ed, na e ya mwisho. Zikikutana na upande hubakiza upand, na zikikutana na pande hubakiza pand. Zimefanya kazi, zimeharibu maneno yote mawili, na bado hazijayakutanisha. Mtu aliyeandika shairi hatapata diwani yenye mashairi; aliyeandika mkulima hatapata ripoti ya wakulima.

Hatua ya kwanza, basi, ni kuzima kanuni za Kiingereza kwenye uga wa Kiswahili. Kama mkusanyo wako una lugha zote mbili, mwombe fundi atengeneze nyuga mbili, moja ya kila lugha, na swali litafutwe kwenye zote.

Hatua ya pili ndiyo inayowaponza vijana wenye bidii. Wanasema: kama Kiswahili hubadilika mwanzoni, tukate mwanzo. Wanaandika kanuni ya kuondoa m, wa, ki, vi, ma, u. Matokeo yake kitabu kinakuwa tabu, na msomaji anayetafuta kitabu anapelekwa kwenye makala za shida za maisha. Kiti kinakuwa ti. Maji yanakuwa ji. Wali, chakula chetu, unabaki li. Kiambishi cha ngeli na silabi ya kwanza ya mzizi hufanana kwa sura, na mashine haina namna ya kuvitofautisha bila kamusi.

Kwa hiyo usikate. Oanisha. Andika jedwali la jozi za umoja na wingi kwa maneno yanayotafutwa kweli katika maktaba yako, ukiyatoa kwenye ile orodha ya walioambulia patupu na kwenye vichwa vya mada ulivyonavyo: kitabu, vitabu, shairi, mashairi, mkulima, wakulima, mji, miji, ugonjwa, magonjwa, wimbo, nyimbo, ulimi, ndimi, waraka, nyaraka, jicho, macho. Yale yasiyofuata mkondo, kama ulimi na ndimi, ndiyo yenye thamani kubwa, maana hakuna kanuni ya kukata itakayoyafikia. Jozi mia tatu zilizochaguliwa vizuri zitafanya kazi kubwa, kwa sababu wasomaji hurudia maneno yaleyale. Ziweke kwenye faili lilelile la visawe. Kama mfumo wako unatumia jedwali wakati wa kutafuta, mabadiliko yataonekana mara fundi atakapoupakia upya mpangilio. Kama unalitumia wakati wa kuingiza, lazima faharasa yote ijengwe upya, kazi inayofaa kufanywa usiku.

Vitenzi viache kwanza. Anasoma, walisoma, hatukusoma na wakisomeshwa ni msitu, na katika utafutaji wa maktaba watu huuliza kwa nomino. Kama orodha yako inaonyesha vinginevyo, kuna njia ya kati: uga wa ziada unaohifadhi kila neno likiwa limekatwa vipande vya herufi nne nne, ili walisoma na hatukusoma vikutane kwenye "soma" hata bila mashine kujua sarufi. Lakini haifikii kila sura: ndani ya wakisomeshwa iliyopo ni "some", si "soma". Njia hii basi inafaa zaidi kwa nomino kama mashairi na shairi, na huleta takataka nyingi. Ipe uzito mdogo kabisa, ifanye kazi pale tu njia nyingine zote zimeshindwa.

Waandishi watatu wa Zanzibar

Muhammed Said Abdulla, aliyezaliwa 1918, ndiye aliyetupa Mzimu wa Watu wa Kale na mpelelezi wake Bwana Msa. Said Ahmed Mohamed, aliyezaliwa 1947, ndiye wa Utengano. Mohamed Suleiman Mohamed ndiye wa Kiu na Nyota ya Rehema. Majina yao yanaazimana sehemu, na Muhammed huandikwa Mohamed, Mohammed na Muhammad kadiri ya mchapishaji. Katika maktaba isiyo na orodha rasmi ya majina, ukibofya jina la mmoja wao unaweza kupata nusu ya kazi zake pamoja na robo ya kazi za mwingine.

Tengeneza orodha ya majina. Kila mwandishi apate sura moja ya jina, mwaka wa kuzaliwa pale anapofanana na mwingine, na tahajia nyingine zote ziandikwe chini yake kama njia za kufikia. Suala la kugeuza jina ulimalize kwa kanuni moja. Wengine humwingiza Shaaban Robert chini ya R, "Robert, Shaaban", kana kwamba Robert ni jina la ukoo la Kizungu. Robert ni jina la baba yake. Kwangu, mwandishi wa Kiswahili aingizwe kama wasomaji wanavyomtaja, na sura iliyogeuzwa ihifadhiwe kwa ajili ya wanaotoka kwenye katalogi za nje. Utakachochagua si muhimu kama kukifuata kila siku, pamoja na yule msaidizi atakayeajiriwa mwakani.

Taasisi nazo hubadili majina. Iliyokuwa Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili, TUKI, tangu 1970, ni Taasisi ya Taaluma za Kiswahili, TATAKI, tangu 2009. Anayebofya TUKI aonyeshwe kwamba kuna kazi za baadaye chini ya TATAKI. Nchi vilevile: Kongo ilikuwa Zaire kati ya 1971 na 1997, na ripoti za miaka hiyo hazitataja Kongo.

Jambo moja dogo linalofanana na hili ni msimbo wa lugha. Fungua kichujio cha lugha kwenye maktaba yako. Inawezekana kabisa ukakuta sw, swa, swh, Swahili na Kiswahili, kila kimoja na vitabu vyake. Swa ni msimbo wa jumla. Chini yake kuna swh na swc, huu wa pili ukiwa wa Kiswahili cha Kongo. Chagua mmoja kwa ajili ya kichujio, badilisha rekodi zote kwa mkupuo, na kwenye skrini uonekane kama neno Kiswahili. Maandiko ya Kongo yatambulishwe kwa uga wa eneo.

Kilichosomwa na mashine

Ukishaskani magazeti kama Mambo Leo, lililoanza 1923, programu ya OCR hugeuza picha kuwa maandishi yanayoweza kutafutwa. Ikiwa imewekwa kwenye Kiingereza itakisia maneno ya Kiingereza na kuharibu mengi. Tesseract, ambayo ni ya bure, ina data ya Kiswahili, itumie. Kisha chukua ukurasa mmoja kati ya kila ishirini, ulinganishe na picha, ukitazama hasa majina ya watu na ya mahali, kwa kuwa hayo ndiyo watu huyatafuta magazetini. Ukurasa uliooza usiufiche. Weka alama kwamba maandishi yake hayaaminiki ili msomaji ajue kwamba kukosa jibu si ushahidi wa kutokuwepo.

Na punguza uzito wa maandishi kamili. Neno likiwa kwenye jina la kitabu lihesabiwe mara kumi zaidi ya likiwa kwenye ukurasa wa 214. Bila hivyo, anayetafuta Kusadikika atapewa tasnifu kumi zinazoitaja kabla ya riwaya yenyewe.

Hati za Kiswahili zilizoandikwa kwa hati ya Kiarabu zinahitaji jina kwa hati zote mbili, na tarehe mbili. Mwaka wa Hijria kwa kawaida huingia ndani ya miaka miwili ya Miladia: 1275 ulianza Agosti 1858 ukaishia katikati ya 1859. Andika masafa, 1858–1859, na uache mwaka wa Hijria ulivyo kwenye uga wake.

Anayeperuzi hajui anachotaka, na hilo si kosa

Maktaba za vyuo hupenda kupanga mikusanyo kwa kitivo na idara. Ni mpangilio unaomfaa mhasibu. Msomaji aliyekuja kuangalia kuna nini kuhusu ndoa za pwani hajui kama ziko chini ya Sosholojia, Historia au Sheria, wala hapaswi kujua. Acha muundo huo nyuma ya pazia, na kwenye ukurasa wa mwanzo fungua milango mingine: aina ya andiko, mada, mahali, kipindi.

Aina ya andiko ndiyo inayopendwa zaidi na ndiyo inayosahaulika zaidi. Riwaya, tamthilia, ushairi, hadithi, kamusi, gazeti, tasnifu, hati ya mkono. Namba ya Dewey haitakuokoa hapa: fasihi ya Kiswahili ni 896.392, na mara nyingi hakuna aliyeendelea kuigawa, hivyo rafu nzima inaangukia mahali pamoja.

Mada ziwe chache na ziwe kwa maneno ya watu. Kama mada ina kitu kimoja tu ndani yake, si mada, ni lebo. Iunganishe na nyingine. Kama ina vitu elfu mbili, igawe. Kilimo peke yake hakimsaidii mtu. Kilimo cha karafuu kinamsaidia. Usitafsiri vichwa vya mada vya Maktaba ya Bunge la Marekani neno kwa neno, kwani utapata vichwa ambavyo hakuna Mswahili atakayevibofya. Kwa vipindi, muongo mmoja mmoja unatosha. Migawanyo ya kisiasa huonekana ya kisomi, ila 1961 ni mwaka mkubwa Tanganyika na si mkubwa Kenya. Magazeti pekee yanahitaji kalenda: mwaka, mwezi, toleo.

Vichujio vya pembeni visizidi vitano, na kila kimoja kionyeshe idadi. Kichujio kinachoongoza kwenye sifuri kisionekane.

Yote haya kwenye simu

Sehemu kubwa ya wasomaji wako wanashika simu na wananunua bando. Kila jibu lionyeshe ukubwa wa faili kabla ya kubofya: kurasa 180, MB 46. Toa na nakala nyepesi. Onyesha mistari miwili ya maandishi inayozunguka neno lililotafutwa, ili mtu asipakue kitabu kizima kuthibitisha kwamba si chenyewe. Vichujio vikae nyuma ya kitufe kimoja kinachoonekana, si chini kabisa ya matokeo.

Ukurasa wa "Hakuna kilichopatikana" nao ni ukurasa, uandike vizuri. Uwe na mapendekezo ya tahajia, milango ya kuperuzi, na namba ya WhatsApp ya maktaba. Swali litakaloingia kwa namba hiyo ni mstari mwingine wa jedwali lako.

Mtihani

Andika maswali arobaini ambayo jibu lake sahihi unalijua, mengi yakitoka kwenye orodha ya walioshindwa. Kwa kila swali, tazama kama kitu sahihi kimo ndani ya majibu matano ya kwanza. Rekodi matokeo kabla ya mabadiliko na baada ya kila badiliko, moja moja. Kuna badiliko litakaloponya maswali sita na kuua tisa, na bila mtihani huu hutalijua hadi mtu alalamike, na wasomaji wa maktaba hawalalamiki, huondoka tu.

Halafu mkalishe mwanafunzi mmoja, si mkutubi mwenzako, mpe kazi tatu za kutafuta, ukae pembeni kimya. Usimsaidie, hata akihangaika. Alipokwama paandike.

Jedwali lako la jozi na tahajia likishafikia mahali pazuri, usilifungie kwenye seva. Liweke wazi mtandaoni kwa leseni huria, na umtumie mkutubi wa chuo jirani, wa Mombasa, wa Bujumbura au wa Lubumbashi, umwombe aongeze mistari yake na kukurudishia. Maneno ya Kiswahili yanayotafutwa Dodoma hayatofautiani sana na yanayotafutwa Eldoret, na hakuna sababu ya kila maktaba kuandika upya kwamba wingi wa ulimi ni ndimi.